Mbona sisi tulichapwa tukanyooka?

"Nina umri wa miaka 49 na mwanangu wa kiume ana miaka 12. Nilisoma enzi ambazo mwalimu akikohoa tu, darasa zima linanyamaza. Nilichapwa shuleni, nikifika nyumbani nachapwa tena kwa kosa lile lile, na leo namshukuru kila aliyenichapa. Shule anayosoma mwanangu haitumii viboko. Muhula huu nimeitwa mara mbili: hamalizi kazi za nyumbani, anajibizana na mwalimu, na aliwahi kusema daftari lake limeibwa kumbe alilificha mwenyewe. Niliporudi mara ya pili nilimchapa sana. Tangu siku hiyo hajibizani nami tena, lakini pia hanisemeshi, na nimegundua kwamba uongo umezidi. Mke wangu amekasirika, mama yangu anasema nilichelewa kumchapa, na mwalimu wake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watoto walianza kuharibika siku fimbo ilipoondolewa. Je, ni kweli? Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Niendelee au niache?"

Ndugu yangu, ndani ya swali lako nasoma maswali matatu. La kwanza ni la historia, yaani kama watoto wameharibika kwa sababu ya kukosa fimbo. La pili ni la nyumbani kwako, nalo ndilo lenye haraka: umfanye nini mtoto huyu jioni ya leo. La tatu hukuliandika, lakini linasomeka katika maneno "hanisemeshi": unaogopa kwamba umempoteza. Jibu langu kwa la pili ni kwamba uache kumchapa, na ushahidi wa kwanza wa jibu hilo umeuleta wewe mwenyewe uliposema kwamba uongo umezidi. Nitaeleza kwa nini fimbo na uongo hufuatana, lakini kwanza niruhusu nianze na la historia, kwa sababu mzazi anayeamini kwamba zamani palikuwa na dawa iliyotupwa hawezi kuitafuta nyingine kwa moyo mmoja.

Malalamiko kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu ni ya kale. Huenda umewahi kutumiwa maneno yanayodaiwa kuwa ya Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yakiwalaumu vijana kwa kupenda anasa na kudharau wazee. Maneno hayo si yake. Yanatokana na tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge iliyochapishwa mwaka 1907, aliyekuwa akifupisha lawama za watu wa kale kwa maneno yake mwenyewe. Hata hivyo yanasambaa kila mwaka, kwa sababu kila kizazi kikiyasoma hujiona kimo ndani yake, upande wa wazee. Mwaka 2019 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, John Protzko na Jonathan Schooler, walionyesha jambo la kushangaza kidogo: watu wanaothamini sana mamlaka ndio hasa wanaoona vijana hawaheshimu wakubwa, na watu waliosoma sana vitabu ndio hasa wanaoona vijana hawapendi kusoma. Tunawapima watoto wa leo kwa sifa tuliyonayo sisi tukiwa watu wazima, kisha tunajikumbuka kana kwamba tulizaliwa nayo.

Lipo pia jaribio maarufu alilolianzisha Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960, ambapo mtoto mdogo huwekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa kwamba akisubiri bila kukila atapewa zaidi. Stephanie Carlson na wenzake walilinganisha matokeo ya miongo tofauti, wakachapisha mwaka 2018. Kabla ya kuyatoa waliwauliza watu wazima wakisie, na wengi wakasema watoto wa sasa watashindwa kusubiri kuliko wa zamani. Ikawa kinyume: watoto wa miaka ya 2000 walisubiri kwa wastani dakika 2 zaidi ya wale wa miaka ya 1960. Sisemi kwamba jaribio moja la watoto wa Marekani linamaliza ubishi wa dunia nzima. Nasema tu kwamba macho yetu si shahidi mzuri katika kesi hii.

Tuje kwenye hoja yako yenye nguvu zaidi, kwamba ulichapwa na ukanyooka. Sitaibeza, maana mtu anayeambiwa kwamba malezi yake yote yalikuwa makosa husikia wazazi wake wakitukanwa. Waliokuchapa huenda walikupenda sana, na walitumia chombo walichokabidhiwa na waliowalea wao. Lakini naomba ukumbuke darasa lenu la kwanza, kisha uhesabu mliofika mwisho. Waliochapwa wakaanza kutoroka, waliochapwa wakaacha shule, waliochapwa kwa kutojua kusoma hadi wakaamini kwamba wao ni wajinga, hao hawapo kwenye mikutano ya waliosoma pamoja na hawaandiki kushukuru. Ukimya wa darasa unaoukumbuka ulitokana kwa sehemu na jambo hili: mtoto mgumu alikuwa hayupo tena. Leo nchi nyingi zinajitahidi kumbakiza kila mtoto darasani hadi umri wa ujana, hivyo mwalimu wa leo ana mbele yake watoto ambao mwalimu wako hakulazimika kuwa nao kwa muda mrefu.

Na hata kwako wewe uliyenyooka, swali halijajibiwa. Fimbo haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na mambo mengine mengi, na kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyouma, ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu na kuchukua sifa zote.

Fikiria yaliyokuwa yakikuzunguka. Kosa lilijulikana kuwa ni kosa kila mahali: mwalimu, mzazi, jirani na shangazi walisema neno moja, na ukikosea mchana habari ilikutangulia nyumbani. Hukuogopa tu ukubwa wa adhabu. Ulijua kwamba huwezi kufanya jambo bila mtu kuliona. Kwa wanaochunguza tabia hili si dogo, kwa sababu uhakika wa kugunduliwa humzuia mtu kuliko ukali wa adhabu itakayofuata. Pia ulikuwa na kazi yenye maana. Mtoto wa miaka 12 alitegemewa kulea wadogo zake na kutumwa mbali akarudi na jibu sahihi, na usipoifanya kazi yako, pengo lilionekana jioni ile ile. Kisha mlicheza kwa saa nyingi bila mtu mzima kuwasimamia, mkatunga sheria zenu, mkagombana na kupatana, na asiyefuata sheria alitolewa mchezoni hadi alipoomba kurudi. Hiyo nayo ilikuwa shule ya nidhamu, tena haikuwa na fimbo.

Sasa mtazame mwanao. Sijui ratiba yake, lakini watoto ninaowaona wa umri wake wengi hukaa ndani, huonwa na mtu mzima mmoja au wawili waliorudi wamechoka, hawana kazi ambayo wasipoifanya yeyote ataathirika, na wana simu au runinga inayowavuta kwa ustadi kuliko daftari lolote la hesabu. Utoto umerefuka: mtoto anabaki mwanafunzi kwa miaka mingi zaidi na anapewa jukumu la kweli akiwa amechelewa. Ulinzi juu yake umeongezeka, huku nafasi yake ya kujaribu mambo kwa udogo na kukosea ikipungua. Mama yako anayaona mabadiliko haya vizuri sana, na hakosei anaposema kwamba kuna kitu kimepotea. Tunatofautiana naye juu ya jina la kitu hicho.

Sasa kuhusu uongo. Mtu anapopigwa, au anapotarajia kupigwa, mwili wake hujiandaa kwa hatari: moyo hudunda kasi, misuli hukaza, na akili yote huelekea kwenye swali moja tu, namna ya kuepuka maumivu. Katika hali hiyo mtoto hujifunza, tena haraka. Ila hajifunzi ulichokusudia. Wewe ulikuwa ukifundisha "maliza kazi yako na useme kweli", yeye akajifunza kwamba baba akijua, naumia. Kutokana na somo hilo zinafunguka njia mbili, kuacha kosa au kuhakikisha baba hajui, na kwa mtoto wa miaka 12 njia ya pili huwa rahisi zaidi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza zamani kwamba adhabu huizima tabia kwa muda pale mwadhibu alipo, bila kuing'oa.

Kuna utafiti unaogusa jambo lako moja kwa moja. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa miaka 3 na 4 katika shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikiadhibu kwa ukali, nyingine bila ukali huo. Kila mtoto aliachwa peke yake na kitu cha kuchezea nyuma yake, akaambiwa asigeuke kutazama. Watoto wengi wa shule zote mbili waligeuka, kama watoto wafanyavyo. Tofauti ilionekana walipoulizwa: wale wa shule ya adhabu kali walidanganya zaidi, na pia walikuwa hodari zaidi wa kuulinda uongo wao walipohojiwa. Walikuwa na miaka mitatu na minne tu, na tayari walikuwa wamelazimika kuwa mafundi.

Nisikupotoshe kwa kukuonyesha upande mmoja. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miongo mitano zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakaona kwamba kumpiga mtoto hata kwa kiasi ambacho wengi hukiita cha kawaida huambatana na ukaidi zaidi, ugomvi zaidi, matatizo zaidi ya afya ya akili na uhusiano dhaifu na mzazi. Kuambatana si sawa na kusababisha, na inawezekana kwamba baadhi ya watoto hupigwa zaidi kwa kuwa tayari ni watukutu. Watafiti wanaijua hoja hiyo, na ndiyo maana wengine wamewafuatilia watoto kwa miaka wakizingatia walivyokuwa mwanzoni. Mara nyingi madhara yamebaki. Hata hivyo hayo ni matokeo ya wastani. Hayamaanishi kwamba kila aliyechapwa ameharibika, wala kwamba siku moja ya hasira imemvunja mwanao. Katika utafiti huo hawakuona kwamba kuchapwa kunamfanya mtoto awe mtiifu zaidi baada ya muda, na hicho ndicho ulichokuwa ukikitafuta.

Mwalimu aliyekunong'oneza naye asihukumiwe haraka. Nilifundisha miaka kadhaa kabla ya kuingia katika kazi ya ushauri nasaha, na nilishika fimbo kama wenzangu. Nakumbuka nilivyogundua, nikisahihisha orodha ya makosa mwisho wa muhula, kwamba majina yalikuwa yale yale tangu wiki ya kwanza. Ningekuwa daktari ninayempa mgonjwa dawa ile ile kila wiki bila kupona, ningeulizwa. Lakini pia nakumbuka darasa lililofurika, na sikuwa nimefundishwa njia nyingine yoyote. Hapo ndipo mwalimu huyo ana haki ya kulalamika.

Kuondoa viboko shuleni si jambo la jana. Poland ilivikataza mwaka 1783. Uswidi iliviondoa shuleni mwaka 1958, na mwaka 1979 ikawa nchi ya kwanza kukataza kumpiga mtoto hata nyumbani. Uingereza ilipitisha sheria kwa shule za serikali mwaka 1986, Afrika Kusini mwaka 1996, Kenya mwaka 2001. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Kwingine adhabu ya viboko bado ipo: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1977 kwamba katiba haikatazi adhabu hiyo shuleni na baadhi ya majimbo yanaendelea nayo, na kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinairuhusu kwa masharti, viboko visizidi vinne. Lakini mara nyingi sheria ilipoondoa fimbo haikuweka kitu mikononi mwa mwalimu. Hakuongezewa muda wala mwenzake wa kusaidiana naye, na mafunzo yalikuwa ya siku moja au hayakuwapo kabisa. Wengine wakaangukia matusi na kuaibisha watoto mbele ya wenzao, jambo ambalo kwa maoni yangu linaweza kuumiza kwa muda mrefu kuliko kiboko. Kwa hiyo mwalimu akikuambia kwamba pengo lipo, mwamini, ingawa siafiki namna anayotaka kuliziba.

Umenikumbusha methali. Mchelea mwana kulia hulia yeye: naikubali neno kwa neno. Lakini itazame vizuri, haikutaja kupiga. Inamtaja mzazi anayeogopa machozi ya mtoto, na mtoto hulia kwa mambo mengi. Hulia unapomnyima simu uliyosema utamnyima, unapomrudisha kuomba radhi kwa mwalimu, na unapokataa mara ya nne jambo ulilolikataa mara tatu. Nimewaona wazazi wanaochapa kwa nguvu ambao ndio wanaochelea kuliko wote, kwa maana wanavumilia kosa siku sita kwa kuogopa zogo, kisha siku ya saba wanalipuka. Diana Baumrind, aliyeanza kuchunguza malezi miaka ya 1960, alitofautisha mzazi mkali asiyesikiliza, mzazi anayedekeza, na mzazi mwenye msimamo anayeeleza sababu na kusikiliza. Huyu wa tatu si laini hata kidogo. Ubishi wa "fimbo au kudekeza" unamsahau.

Sasa nyumbani kwako. Anza na ukimya uliopo kati yenu. Mwambie wazi kwamba ulimchapa ukiwa na hasira, kwamba hukupaswa, na kwamba hutarudia; kisha, katika mazungumzo hayo hayo, mwambie kwamba suala la kazi na uongo bado lipo na mtalishughulikia. Wazazi wengi huogopa kwamba kuomba radhi kutawashusha hadhi. Sijawahi kuona hivyo pale mzazi anapoomba radhi kwa kosa lake bila kufuta la mtoto. Usitarajie akukumbatie siku hiyo.

Halafu tafuta sababu ya kutomaliza kazi, kwa sababu mtoto wa miaka 12 anayeficha daftari mara nyingi anaficha kilichomo ndani yake. Muulize mwalimu mambo mahususi: ni masomo yote au moja, ilianza lini, anaandika darasani au ananakili tu, anakaa na nani. Keti naye jioni tatu mfululizo umtazame akifanya, bila kumsahihisha. Utaona kama hajui, kama haoni vizuri ubaoni na hivyo ananakili vibaya, kama anajua ila anavutwa na simu, au kama anaogopa kukosea. Kila moja lina tiba yake, na fimbo si tiba ya hata moja.

Kwa uongo, acha kumwuliza swali ambalo jibu lake tayari unalijua. "Umemaliza kazi?" ilhali umeshaliona daftari tupu ni mtego, na mtoto aliyetegwa hudanganya. Sema, "Nimeona hujamaliza hesabu, tufanyeje?" Ifanye kweli iwe na gharama ndogo kuliko uongo, na uitekeleze ahadi hiyo siku atakapokuletea kweli inayokuudhi, maana siku hiyo ndiyo atakayokupima. Tokeo la kosa liwe dogo, la haraka na la hakika, tena lihusiane na kosa: kazi isiyokamilika inakamilishwa kabla ya simu, kila siku, bila hotuba. Na kwa kumjibu mwalimu vibaya, akaombe radhi mwenyewe, wewe ukisimama pembeni. Mpe pia kazi moja ya nyumba ambayo ni yake kweli, isiyofanywa na mwingine akiiacha. Hili nalitilia mkazo kuliko mengine, kwa kuwa ndilo lililokulea wewe.

Kujibizana tofautisha na kutoa hoja. Katika umri wa kuanza kubalehe mtoto hupima uwezo wake wa kufikiri kwa kupinga, na ukizima vyote viwili utapata yule kijana mtulivu asiyekuambia chochote. Kataza dharau, ruhusu "sikubaliani, kwa sababu hii".

Kwa upande wa gharama, njia hii ni ya polepole. Kiboko hutoa ukimya siku ile ile. Haya huchukua wiki kadhaa, na mwanzoni huenda tabia ikazidi kwa sababu atakuwa anajaribu kama umebadilika kweli. Itakuchosha. Haitafanya kazi ikiwa wewe na mkeo mnapingana mbele yake, hivyo malizeni tofauti zenu faraghani kwanza. Kwa mama yako, usimwambie kwamba alikulea vibaya. Mwombe akusaidie kile ambacho wazee walikifanya vizuri, yaani jicho la pili kwa mtoto na kumtuma kazi.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatosheleza. Muone daktari au mwanasaikolojia wa watoto ikiwa mabadiliko yalikuja ghafla, ikiwa anaogopa kwenda shule, hapati usingizi, amerudia kukojoa kitandani, hali chakula vizuri, au ukimya unaenea hadi kwa marafiki zake. Ukiona alama mwilini usizozijua, au akitaja kutaka kufa ama kujiumiza, usingoje hata siku moja. Usimwache peke yake, na umpeleke hospitali. Mtoto anayeonewa na wenzake au kuguswa vibaya na mtu mzima mara nyingi huanza kwa kuharibu kazi za shule, na huko afisa wa ustawi wa jamii ana msaada ambao mimi sina. Vilevile tafuta mshauri kwa ajili yako mwenyewe ukihisi kwamba hasira inakutangulia mikononi. Na ikiwa baada ya jioni zile tatu utaona kwamba anasoma kwa shida isiyolingana na umri wake, omba apimwe macho na masikio, kisha uwezo wa kusoma, na siku mtakayokwenda mchukue lile daftari alilolificha.